Maswali ya Wasomaji: Hoteli ya Golden West na Wafanyakazi wa Reli

Safari hii ukurasa wetu unashughulikia jambo moja tu. Msomaji mmoja aliyeko Marekani alituuliza kuhusu nyumba ya zamani ya kulala wafanyakazi wa reli, na tulipotangaza katika toleo lililopita kwamba tungemjibu, wasomaji wengine nao walituandikia kuhusu jambo hilohilo. Tumeyapanga maswali kwa namna ambayo kila jibu litaendeleza lile lililotangulia.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Kivu Kusini na kwa sasa naishi Portland, jimbo la Oregon, pamoja na familia yangu. Karibu na stesheni kuu ya treni, kwenye kona ya barabara za Broadway na Everett, lipo jengo la ghorofa liitwalo Golden West. Nimeambiwa kwamba zamani lilikuwa hoteli ya wafanyakazi wa reli, na kwamba wafanyakazi hao walikuwa Weusi. Kwa kuwa Weusi katika mji huu ni wachache hata leo, ningependa kujua watu hao walitoka wapi, na kwa nini walihitaji nyumba yao peke yao.
Msomaji, Portland, Marekani

JIBU: Ndugu msomaji, uliyoambiwa ni kweli. Hoteli ya Golden West ilifunguliwa mwaka 1906 na mfanyabiashara Mweusi aliyeitwa William D. Allen, nayo iliendelea kupokea wageni hadi mwaka 1931. Wateja wake wakuu walikuwa wahudumu wa mabehewa ya kulala, wapishi na wahudumu wa mabehewa ya chakula, pamoja na wachukuzi wa mizigo wa stesheni. Walihitaji nyumba yao kwa sababu hoteli za Wazungu zilizokuwa katikati ya mji hazikuwapangisha vyumba watu Weusi, hata kama walikuwa na fedha mkononi na sare ya kazi mwilini.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza tulitazame jimbo lenyewe. Oregon ilianzishwa na walowezi waliokataa utumwa na wakati huohuo wakawakataa Weusi wasiishi miongoni mwao. Mwaka 1844 serikali ya muda ya walowezi ilipitisha sheria iliyopiga marufuku utumwa, lakini iliwaamuru Weusi walio huru waondoke, na ikaweka adhabu ya viboko kwa atakayekaidi. Kifungu cha viboko kiliondolewa kabla hakijatumika. Sheria nyingine ya kuwazuia Weusi wasiingie ilipitishwa mwaka 1849. Mwaka 1857 wapiga kura waliidhinisha kifungu cha aina hiyo kiingizwe katika katiba, na kwa katiba hiyo Oregon ikawa jimbo kamili la Marekani mwaka 1859. Kifungu hicho hakikutekelezwa mara kwa mara, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe marekebisho ya katiba ya nchi yalikiondolea nguvu, ila kilibaki kimeandikwa hadi wapiga kura walipokifuta mwaka 1926. Kwa maneno mengine, kwa miaka ishirini kati ya ile ishirini na mitano ambayo Golden West ilikuwa wazi, katiba ya jimbo ilikuwa bado inasema kwamba wenye hoteli na wageni wao hawakupaswa kuwapo hapo. Mimi naliona jambo hili kuwa la kwanza kukumbukwa na kila anayesimama mbele ya jengo hilo.

Sasa watu hao walitoka wapi? Waliletwa na reli. Njia ya Northern Pacific iliyounganisha Portland na mashariki ya nchi ilikamilika mwaka 1883, na mwaka 1887 njia ya kwenda California nayo ikaunganishwa. Mwaka 1890 ilifunguliwa Hoteli ya Portland, iliyokuwa fahari ya mji, na wenyewe wakaajiri wanaume Weusi kutoka majimbo ya kusini waje kuwa wahudumu wake. Stesheni ya Union, ile yenye mnara wa saa ambayo bila shaka unaiona kila siku, ilianza kazi mwaka 1896. Wanaume waliokuja kwa kazi za reli na za hoteli walioa au waliwaita wake zao, wakapanga nyumba karibu na stesheni upande wa magharibi wa mto Willamette, wakajenga makanisa na kufungua biashara ndogondogo. Mji uliokuwa na wakazi 90,426 mwaka 1900 ulifikisha 207,214 mwaka 1910, na kati yao Weusi walikuwa wapatao elfu moja tu. Jamii ndogo namna hiyo, ambayo takriban kila kaya ilikuwa na mtu mwenye kazi ya reli au ya hoteli, ndiyo iliyoiwezesha Golden West kusimama.

Allen hakuichagua kona hiyo kwa kubahatisha. Mhudumu aliyeshuka na behewa lake kutoka Chicago, baada ya safari ya siku tatu hivi, aliweza kutembea kwa miguu dakika chache akafika mlangoni, akaoga, akala, akalala kitandani badala ya kwenye benchi, kisha akarudi stesheni kwa wakati. Hoteli ilikuwa na vyumba vipatavyo 100, na husimuliwa kwamba ilikuwa hoteli kubwa kuliko zote zilizomilikiwa na Mweusi magharibi ya mto Mississippi. Ndani yake mlikuwa na mgahawa, baa, chumba cha michezo ya kamari, duka la aiskrimu na peremende, ukumbi wa mazoezi wenye bafu la mvuke, na kinyozi. Kinyozi huyo aliitwa Waldo Bogle, mtoto wa Richard Bogle, mzaliwa wa Jamaika aliyejijengea jina kwa kazi hiyohiyo ya kunyoa katika mji wa Walla Walla, jimbo jirani la Washington.

Kutokana na biashara hizo, hoteli haikubaki kuwa mahali pa wapita njia. Siku ya Jumapili, ibada zilipokwisha katika makanisa ya Bethel na Mount Olivet, ambayo wakati huo yalikuwa katika ujirani huohuo, familia zilipita hapo kula na kuzungumza. Mama aliyekataliwa kukaa mezani katika migahawa ya katikati ya mji aliweza kuwanunulia watoto aiskrimu hapo bila ya kuogopa kuaibishwa mbele yao. Msafiri mgeni aliweza kuuliza ni kanisa gani lina mchungaji mwema, ni nani anapangisha chumba kwa mwezi, na ni wapi kazi inapatikana. Kazi za namna hii hazionekani katika daftari la mapato ya hoteli yoyote, ingawa kwa maoni yangu ndizo zilizokuwa na uzito zaidi.

Jambo moja la mwaka uleule wa 1906 litakusaidia kuielewa hali ya wakati huo. Mhudumu wa mabehewa aliyeitwa Oliver Taylor alikuwa amenunua tiketi za viti vya heshima katika ukumbi mmoja wa maonyesho mjini Portland, akazuiwa kuvikalia kwa sababu ya rangi yake. Alishtaki, akiwakilishwa na mwanasheria Mweusi McCants Stewart, na baada ya kushindwa katika mahakama ya chini alipata ushindi katika Mahakama ya Juu ya Oregon. Ushindi huo ulitokana na hoja kwamba tiketi ni mkataba, na kwamba mwenye ukumbi aliuvunja. Haukuanzisha haki ya Mweusi kuingia mahali pa umma, na sheria ya jimbo ya kukataza ubaguzi katika hoteli, migahawa na kumbi ilipitishwa mwaka 1953, miaka ishirini na miwili baada ya Golden West kufungwa.

SWALI: Baba yangu alikulia katika landhi za Muthurwa, kwa kuwa babu alikuwa fundi wa reli. Kwetu sisi reli ndiyo iliyowapa wafanyakazi wake mahali pa kulala. Kwa nini kampuni za reli za Marekani hazikufanya vivyo hivyo, hadi mtu binafsi akalazimika kufungua hoteli?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Swali lako ni zuri, kwa kuwa linatofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa kwa urahisi. Landhi zilijengwa kwa ajili ya watu waliofanya kazi Nairobi na kuishi Nairobi. Golden West ilikuwa ya watu ambao makao yao yalikuwa mbali, kama Chicago au Oakland, waliolazimika kukaa usiku mmoja au zaidi mwisho wa njia wakingoja zamu ya kurudi. Aidha, reli ya Kenya na Uganda ilikuwa mali ya serikali ya kikoloni, iliyotaka wafanyakazi wake Waafrika wawe mahali pamoja, karibu na karakana na chini ya jicho lake. Marekani reli zilikuwa mali ya kampuni nyingi za watu binafsi, na mabehewa ya kulala yalikuwa ya kampuni nyingine kabisa.

Kampuni hiyo iliitwa Pullman, kwa jina la mwasisi wake George Pullman, na makao yake yalikuwa Chicago. Ilianzishwa mwaka 1867, muda mfupi baada ya utumwa kufutwa. Ilitengeneza mabehewa yenye vitanda vya kukunjwa, mapazia, mazulia na taa nzuri, ikayakodisha kwa kampuni za reli pamoja na wahudumu wake. Tangu mwanzo Pullman aliwaajiri wanaume Weusi kwa kazi hiyo, wengi wao wakiwa wametoka utumwani, na alifanya hivyo kwa makusudi: walikuwa wengi, walihitaji kazi kwa udi na uvumba, waliweza kulipwa kidogo, na abiria Wazungu walikuwa wamezoea kuhudumiwa na Weusi. Katika miaka ya 1920 wahudumu hao walikuwa wapatao 12,000, na hapakuwa na kampuni binafsi nyingine Marekani iliyoajiri Weusi wengi kuliko hiyo.

Behewa likifika mwisho wa njia, lilivutwa hadi uwanja wa kusafishia. Katika baadhi ya miji kampuni iliweka mabweni ya wahudumu, na kwingineko mhudumu alilala ndani ya behewa lenyewe likiwa limeegeshwa, au alijitafutia chumba kwa fedha zake. Wafanyakazi Wazungu wa reli, yaani madereva, magadi na watu wa breki, walikuwa na njia nyingine. Kuanzia mwaka 1872 huko Cleveland, chama cha vijana wa Kikristo cha YMCA kilianzisha matawi ya reli yenye vitanda, bafu, maktaba na chakula cha bei nafuu, na kampuni za reli zikayachangia kwa sababu ziliona kwamba dereva aliyelala salama bila kulewa hasababishi ajali. Matawi hayo yalienea nchi nzima, na tajiri wa reli Cornelius Vanderbilt wa Pili aligharimia jengo la fahari la aina hiyo mjini New York mwaka 1887. Lakini milango ya mengi kati ya hayo haikuwa wazi kwa Weusi. Reli ileile iliyoona umuhimu wa usingizi wa dereva haikuona umuhimu wa usingizi wa mtu aliyetandika vitanda vya abiria, ingawa ndiye aliyelala saa chache zaidi.

Wewe umekulia katika simulizi za landhi, kwa hiyo utalielewa jambo hili upesi kuliko wengi: chumba cha mwajiri humfunga mpangaji kwa mwajiri. Aliyefukuzwa kazi aliondoka na mizigo yake na watoto wake. Mhudumu aliyelala Golden West alilipa kodi ya usiku kwa mtu asiyekuwa bosi wake, ambaye hakuwa na sababu ya kupeleka habari Chicago kuhusu aliyezungumza na nani, aliyelalamika kuhusu nini, au aliyesoma gazeti lipi. Siwezi kusema kwamba kukosa makao ya kampuni kulikuwa bahati njema kwao, maana gharama iliwaumiza. Nasema tu kwamba Allen aliwauzia pamoja na kitanda kitu ambacho kampuni ya Pullman isingeweza kuwapa hata kama ingetaka.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa reli na nilikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Naomba utueleze kazi ya wahudumu hao ilikuwaje, walilipwa nini, na kama waliweza kujitetea.
Msomaji, Tabora

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Kazi ilianza kabla ya treni kuondoka. Mhudumu alifika stesheni saa kadhaa mapema kuandaa behewa: kukagua mashuka na taulo, kusafisha vyoo, na kuwapokea abiria na mizigo yao. Saa hizo za maandalizi hazikuhesabiwa katika mshahara. Njiani alitandika vitanda usiku na kuvikunja asubuhi, alipiga viatu rangi abiria wakiwa wamelala, aliitikia kengele saa yoyote, alimwamsha kila mtu katika kituo chake, na alitarajiwa kulala saa tatu au nne tu, tena kwa kujiegesha kwenye kochi la chumba cha kuvutia sigara. Abiria wengi walimwita "George" bila kujali jina alilopewa na wazazi wake, kana kwamba alikuwa mali ya George Pullman, kama vile watumwa walivyokuwa wakiitwa kwa jina la bwana wao.

Kanuni ya kampuni ilitaka mhudumu afanye kazi saa 400 au asafiri maili 11,000 kwa mwezi ndipo astahili mshahara kamili. Wewe uliyezoea zamu za reli utapiga hesabu mwenyewe: saa 400 ni zaidi ya saa kumi na tatu kila siku, mwezi mzima bila mapumziko. Mwaka 1925 mshahara wa chini ulikuwa dola 67.50 kwa mwezi, na mwaka uliofuata ulipandishwa hadi dola 72.50. Kutokana na fedha hizo mhudumu alijinunulia chakula njiani, rangi ya viatu, na sare katika miaka yake ya kwanza kumi ya kazi. Taulo likipotea, alikatwa yeye. Kilichoiwezesha familia kuishi kilikuwa bahashishi, na bahashishi humlazimisha mtu atabasamu hata anapotukanwa. Chumba cha Golden West nacho kililipwa kutoka mfuko huohuo.

Pamoja na yote hayo, kazi hii iliheshimiwa sana miongoni mwa Weusi. Ilikuwa na mshahara wa hakika, ilimtoa mtu shambani, ilimwonyesha nchi nzima, na ilimkutanisha na habari. Wahudumu walibeba magazeti ya Weusi, hasa Chicago Defender, wakayafikisha katika miji ya kusini ambako wauzaji wake walitishwa. Walisomesha watoto. Thurgood Marshall, jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alikuwa mtoto wa mtu aliyefanya kazi ya kuhudumu katika mabehewa ya reli.

Kuhusu kujitetea, ndiyo, walijitetea, na iliwachukua miaka kumi na miwili. Tarehe 25 Agosti 1925, mjini New York, ulianzishwa Udugu wa Wahudumu wa Mabehewa ya Kulala, kiongozi wake akiwa A. Philip Randolph. Yeye mwenyewe hakuwa mhudumu, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuchaguliwa, kwa kuwa kampuni haikuwa na uwezo wa kumfukuza. Wenzake wakuu walikuwa Milton Webster wa Chicago na C. L. Dellums wa Oakland, California, na Dellums alifukuzwa kazi kwa sababu ya chama. Kampuni iliweka wapelelezi, ikaunda chama chake cha bandia, na ikawaondoa kazini waliojulikana kuwa wanachama. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1930 wanachama walikuwa wamepungua mno, wengine wakidhani kwamba chama kimekufa. Kilichobadilisha mambo ni marekebisho ya sheria ya kazi za reli ya mwaka 1934, yaliyowapa wafanyakazi haki ya kuchagua chama chao kwa kura. Udugu ulishinda kura hiyo mwaka 1935, na tarehe 25 Agosti 1937, miaka kumi na miwili kamili tangu siku ya kuanzishwa, Pullman ilitia saini mkataba. Saa za kazi zilishuka kutoka 400 hadi 240 kwa mwezi na mishahara ikapanda. Ulikuwa mkataba mkubwa wa kwanza kati ya kampuni kubwa ya Marekani na chama kinachoongozwa na Weusi.

Wewe unajua kwamba chama hakijengwi katika mkutano mkuu peke yake. Kinajengwa usiku, baada ya zamu, na watu wanaoaminiana. Wahudumu wa Pullman walitawanyika katika bara zima, kila mmoja katika behewa lake, akiwa na kondakta Mzungu wa kampuni anayemtazama. Mahali walipoweza kukaa wengi pamoja bila kutazamwa palikuwa katika nyumba za kulala za Weusi, katika maduka yao ya kunyolea na makanisani mwao. Kila mji wa mwisho wa njia ulikuwa na nyumba ya namna hiyo, na nyingi zilikuwa vyumba vichache tu katika nyumba ya mjane. Ile ya Portland ilikuwa miongoni mwa zile kubwa na zenye heshima.

Golden West yenyewe haikudumu hadi siku ya mkataba, lakini watu wa chama hicho waliendelea mbali. Mwaka 1941 Randolph alitishia maandamano makubwa Washington, na Rais Franklin Roosevelt akatoa amri namba 8802 ya kukataza ubaguzi katika viwanda vya vita. E. D. Nixon, mhudumu wa Pullman wa mji wa Montgomery, alikuwa mstari wa mbele katika mgomo wa mabasi wa mwaka 1955. Randolph aliongoza maandalizi ya maandamano ya Washington ya mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 74.

SWALI: Kwa nini hoteli hiyo ilifungwa ikiwa ilikuwa na wateja wa uhakika? Na je, siku hizi mgeni anaweza kulala hapo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ilifungwa mwaka 1931, katika ule mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Safari za treni zilipungua, abiria wa mabehewa ya kulala wakawa wachache, wahudumu wakapunguzwa kazi, na waliobaki walipata bahashishi kidogo. Hoteli iliyotegemea watu wa reli isingeweza kuyakwepa hayo.

Lipo jambo la pili lililokuwa likiendelea polepole. Mwaka 1919 bodi ya madalali wa nyumba mjini Portland iliamua kwamba ni kinyume cha maadili ya kazi yao kumuuzia Mweusi au Mchina nyumba katika mitaa ya Wazungu. Wakati huohuo maghala na ofisi vilikuwa vikiongezeka karibu na stesheni. Familia za Weusi zikavuka mto hadi Albina, upande wa mashariki, ambako palikuwa na karakana na viwanja vya reli, na makanisa na biashara vikazifuata. Hoteli ikabaki upande mmoja wa mto na watu wake wakawa upande wa pili. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya meli vilileta maelfu ya wafanyakazi Weusi, na mafuriko yaliyoangamiza mji wa wafanyakazi wa Vanport mwaka 1948 yaliwasukuma wengi wao Albina. Lakini huko nako, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1970, nyumba nyingi zilibomolewa kupisha barabara kuu, uwanja wa michezo na upanuzi wa hospitali. Ndiyo maana ni majengo machache tu yaliyobaki ya jamii ile ya kwanza, na Golden West ni miongoni mwayo.

Mgeni hawezi kupanga chumba hapo. Baadaye jengo lilichukuliwa na shirika la Central City Concern, likatumika kuwa makazi ya watu wenye kipato kidogo, na mwaka 2022 liliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Naona ni jambo jema kwamba limeendelea kuwa nyumba ya kulala watu ambao mji ungependa kuwasahau, badala ya kugeuzwa jumba la wenye fedha lenye picha za wahudumu ukutani.

Kwa msomaji wetu wa Portland aliyeanzisha mazungumzo haya: ukitaka kuendelea, soma gazeti la The Advocate, lililoanzishwa na Weusi wa mji huo mwaka 1903 na kuhaririwa kwa miaka mingi na Beatrice Morrow Cannady, mmoja wa waliopigania kufutwa kwa kile kifungu cha katiba. Nakala zake kuanzia mwaka 1923 zimewekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Oregon na husomwa bila malipo. Anza na zile za kati ya mwaka 1923 na 1931, maana hizo ziliandikwa wakati hoteli bado ina wageni, na uwasomee watoto kwa sauti matangazo ya biashara na habari za makanisa, kwa kuwa humo ndimo walimo watu wengi kuliko katika habari kubwa za ukurasa wa kwanza.